Muulize Fundi: Kerneli na ile tabia ya "nitafanya baadaye"

Barua za safari hii zimegongana. Sikupanga iwe hivyo, ila nilipozisoma zote nikaona watu sita wanauliza kitu kimoja kwa milango tofauti: mbona kompyuta inasema kazi imeisha wakati haijaifanya? Sisi tulikuzwa na "liwezekanalo leo lisingoje kesho", halafu unafungua kerneli, kiini cha mfumo endeshi kinachogawia programu memori na prosesa, unakuta imejaa watu wa kesho watupu, na ndo maana ina spidi. Basi nimezipanga pamoja, moja baada ya nyingine, zingine nitajibu kwa kirefu zingine fasta fasta mnisamehe.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Darasani tumeambiwa fork() inatengeneza kopi ya prosesi nzima, yaani programu inayoendelea kukimbia, memori na kila kitu. Nikaandika programu inajaza memori GB 4 halafu inaita fork(). Nilitegemea isimame kidogo ikikopi lakini wapi, imerudi hapo hapo, na nikiangalia memori iliyobaki haijapungua kitu cha maana. Mwalimu kakosea au mashine inanidanganya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwalimu hajakosea, na mashine inakudanganya, yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Piga hesabu na mimi. Memori inagawanywa kwenye kurasa, na kwenye mashine nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4096. GB 4 ukizigawa hivyo unapata kurasa 1,048,576. Kila ukurasa una mstari wake mmoja kwenye jedwali la kurasa (orodha inayoonyesha kila ukurasa uko wapi), baiti 8, yaani jedwali zima ni kama MB 8 hivi. Kerneli ulipoita fork() ilikopi hizo MB 8 tu, zile GB 4 haikuzigusa. Ilichofanya ni kuweka alama ya "kusoma tu" kwenye kila ukurasa, upande wa mzazi (prosesi ya awali) na upande wa mtoto (kopi yake), halafu wote wawili wakawa wanaangalia memori ileile bila kujua. Sasa ikitokea mmoja wao akataka kuandika, prosesa, yaani CPU, inagoma, inaita kerneli (kugoma huko ndo mtego), kerneli inaangalia inasema aaah kumbe huu ni ule wa kushea, inatoa kopi ya ukurasa huo mmoja tu, inamkabidhi mwandishi, inamwambia endelea. Programu yenyewe haijui kama kuna kitu kimetokea. Ndo ile wanaita kopi wakati wa kuandika.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu fork() nyingi duniani zinafuatwa papo hapo na exec(), agizo la kupakia programu mpya mahali pa ile iliyopo. Ukiandika komandi yoyote kwenye terminali, sheli, programu inayopokea komandi zako, inajigawa mara mbili, halafu mtoto anatupa memori yote aliyorithi na kupakia programu mpya. Kukopi GB 4 ili uzitupe sekunde hiyohiyo, huo si wazimu? Na Unix za mwanzo kweli zilikuwa zinakopi. Watu wa Berkeley walichoka wakaweka vfork() kwenye 3BSD mwaka 1979, ambapo mtoto anaazima memori ya mzazi na mzazi anasimamishwa mpaka mtoto aite exec() au atoke. Ilikuwa kiraka, na kiraka chenyewe cha hatari maana mtoto akichezea kitu humo ndani kamchezea mzazi.

Kitu nachotaka ukishike hapa, maana barua zingine zote zinarudi hukuhuku: kuahirisha hakupunguzi kazi kwenyewe. Kunalipa pale ambapo kazi ikiahirishwa kuna nafasi nzuri isihitajike kabisa, kama hiyo memori inayotupwa, au pale ambapo kazi kumi zilizosubiri zinaweza kufanywa kwa mkupuo mmoja. Kama hakuna moja kati ya hayo basi umeisogeza tu kazi mbele na umeongeza gharama ya kukumbuka kwamba haijafanywa.

Ukitaka kuona deni lenyewe, ndani ya mtoto weka kitanzi kinachoandika baiti moja kwenye kila ukurasa halafu pima muda. Utaona memori inavyokatika. Na ukiwa hapo jaribu kingine: kwenye mashine ya GB 8 iambie malloc(), agizo la kuomba memori, ikupe GB 3, mara tano, bila kuzigusa. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux kuna uwezekano mkubwa utapewa zote, GB 15 kwenye mashine ya GB 8, maana ulichopewa ni anwani na ahadi, ukurasa wenyewe unatafutwa siku ukiugusa mara ya kwanza. Ahadi zote zikidaiwa siku moja ndo kerneli inachagua prosesi ya kuua ili wengine waishi. Kwa hiyo funga kwanza kazi zako za maana kabla ya kuzigusa hizo GB 15, nisije nikalaumiwa.

SWALI: Habari Fundi. Nasimamia seva ya databesi inayokaa yote kwenye memori. Kila baada ya muda inatengeneza snapshoti (nakala ya hali yake ya wakati huo) kwa kujifork, mtoto anaandika kwenye diski. Usiku haina shida. Mchana watu wakiwa wengi memori inapanda karibu mara mbili na majibu yanakwama ghafla kisha yanaendelea. Nimebadilisha diski, haijasaidia.

JIBU: Diski haina kosa ndugu yangu, umeibadilisha bure. Soma jibu la juu halafu ujiangalie wewe uko upande gani: yule mwanafunzi mtoto wake hakuandika kitu, wewe mzazi ndo anaandika kila sehemu maana wateja hawasubiri. Kila ukurasa unaoguswa kwa mara ya kwanza tangu snapshoti ianze unakopiwa. Usiku zinaguswa chache. Mchana zinaguswa karibu zote, kwa hiyo unaishia kuwa na databesi mbili. Dawa ya deni kulipa, na wewe unalipa saa ambayo mfuko ndo umebanwa zaidi.

Kule kukwama kwa ghafla kunaweza kuwa na chanzo kingine, ile fork() yenyewe. Kwa GB 64 jedwali la kurasa ni MB 128, na lazima likopiwe prosesi ikiwa imesimama. Kuna na kurasa kubwa za MB 2, zile kerneli inazitoa yenyewe bila kuombwa. Zinapunguza ukubwa wa majedwali, safi, lakini kwenye kerneli za zamani kugusa baiti moja tu kungeweza kukuletea kopi ya MB 2 nzima. Watu wa Redis, databesi ya kukaa kwenye memori, wanaotumia mtindo huohuo wa kujifork wameandika wazi kwenye maelekezo yao kwamba uzime hizo kurasa kubwa za kujitokea.

Kwa hiyo: snapshoti ifanye kwenye nakala ya pili ya databesi ambayo haihudumii wateja. Ukiwa huna, ipeleke saa za utulivu na acha memori ya akiba ya kutosha. Na hakikisha unapima muda wa fork() peke yake na muda wa snapshoti peke yake, watu wengi wanavichanganya halafu wanatibu kisicho mgonjwa.

SWALI: Fundi nisaidie maana nimekosana na mteja. Programu yangu inahifadhi mipangilio kwenye faili. Inafungua faili ileile, inaifuta iliyomo, inaandika upya, inafunga. Kila hatua nacheki kosa na hakuna kosa lolote. Mashine ya mteja ikazimika ghafla sekunde chache baada ya kusave, alipowasha faili ipo lakini ina baiti 0. Si mpya, si ya zamani, sifuri! Nimwambie diski mbovu?

JIBU: Usimwambie hivyo, utaaibika akileta fundi mwingine.

Ulipoita write() kerneli ilichukua data yako ikaiweka kwenye kashe ya kurasa, memori tu hiyo, ikaupaka ule ukurasa alama ya uchafu, ikakujibu "tayari". Na close() haikuahidi chochote zaidi ya kufunga. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux kuna kazi ya nyuma inayoamka kila sekunde 5 kutafuta kurasa chafu zilizozeeka, na ukurasa unahesabiwa umezeeka ukifikisha sekunde 30. Sio uvivu wa kisasa huu, Unix za zamani zilikuwa na kijiprogramu kinaitwa update, kazi yake maisha yake yote ni kuita sync, agizo la kusukuma kurasa chafu kwenye diski, kila baada ya nusu dakika.

Na faida yake usiichukulie poa. Fikiria unakompaili mradi mkubwa, mafaili mangapi ya muda yanazaliwa na kufa ndani ya hizo sekunde 30? Hayo hayafiki kwenye diski kabisa. Faili unayoisave mara kumi ndani ya dakika moja inaandikwa mara mbili tatu. Zile zilizobaki zinapangwa zikae jirani zikaandikwe kwa mkupuo. Hapo zote mbili nilizosema kule juu zimetimia, kazi nyingine haihitajiki tena na nyingine zinaungana.

Sasa juu ya hapo kuna kuahirisha kwa pili ambako ndo kumekupiga. Mifumo ya mafaili kama XFS, iliyotoka kwa Silicon Graphics miaka ya 1990, na ext4 haisubirishi data peke yake, inasubirisha hata kuamua data itakaa wapi kwenye diski. Inasema hivi: mimi nikianza kukugawia bloku (vipande vya diski) sasa hivi wakati sijui faili itaishia baiti ngapi, nitakupa vipande vipande, ngoja ukimaliza nikupe eneo moja lililonyooka. Akili kubwa. Ila taarifa za faili, kwamba ipo na kwamba umeifuta ukubwa wake umekuwa sifuri, zinaweza kutangulia kwenye diski kabla ya data. Mashine ikizima kati ya hapo na hapo, ndo hiyo sifuri yako.

Hii ilileta ugomvi mkubwa. Ext4 ilitangazwa kuwa imeiva kwenye Linux 2.6.28, Desemba 2008, na mwanzoni mwa 2009 watu wakaanza kulalamika mafaili ya mipangilio yamekuwa matupu baada ya mashine kukrashi. Kwenye ext3, iliyoitangulia, walikuwa hawayaoni sana hayo, maana kwa mpangilio wake wa kawaida ilikuwa inalazimisha data iende kabla ya taarifa, na ilikuwa inafanya hivyo kila sekunde 5 hivi. Waandishi wa programu wakazoea, na mazoea yana taabu. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, akasema sheria, yaani kanuni rasmi za write() na wenzake, haijawahi kuahidi hicho, anayetaka uhakika aite fsync(), agizo linalosubiri mpaka data ya faili ifike kwenye diski. Watumiaji wakasema sheria tumeisikia ila mafaili yetu yako wapi? Mwisho ukawekwa mlango wa katikati: ext4 ikiona faili inabadilishwa kwa rename() (kubadili jina) juu ya ya zamani, au imefutwa hadi sifuri ikaandikwa upya na kufungwa kama ufanyavyo wewe, inaanza kusukuma data mapema. Kusukuma, sio kusubiri ifike. Kwa hiyo dirisha limekuwa dogo ila halijafungwa, na mifumo mingine ya mafaili haina lazima ya kukuhurumia hivyo.

Mimi naona Ts'o alikuwa sahihi kwa kitabu na watumiaji walikuwa sahihi kwa maisha. Ukikaa miaka unatoa kitu bila kuahidi, siku ukikiondoa umevunja ahadi tu, usijitetee.

Wewe rekebisha hivi: andika faili mpya yenye jina la muda kwenye folda ileile, ita fsync() juu yake, subiri irudi, cheki kosa lake, halafu rename() juu ya ya zamani. Ukitaka kuwa na uhakika hata na lile jina, ita fsync() kwenye folda pia. Kwa mtindo huo mteja atakuta ya zamani au mpya, hatakuta sifuri. Lakini tafadhali usitoke hapa ukaenda kuweka fsync() baada ya kila mstari wa logi, hapo umeua faida yote niliyokueleza na programu itatambaa. Kusanya mistari, sukuma kwa pamoja.

Nimekumbuka kitu kidogo hapohapo kwenye mafaili. Mnajua kwamba kusoma faili kulikuwa kunasababisha kuandika kwenye diski? Kila ukisoma, muda wa kusomwa mara ya mwisho unatakiwa urekodiwe. Soma mafaili elfu kumi, taarifa elfu kumi zinatakiwa ziandikwe, kwa ajili ya kitu ambacho karibu hakuna anayekiangalia. Tangu Linux 2.6.30 mwaka 2009 kawaida ni kuurekodi tu kama uliopo ni wa zamani kuliko muda wa faili kubadilishwa, au umepita masaa 24. Mstari mmoja wa mpangilio, na diski nyingi zikapumua.

SWALI: Kuna kitu kinaitwa ksoftirqd/0 kinakula CPU kwenye seva yangu. Nikikiua hakifi. Ni virusi?

JIBU: Si virusi, acha kukiua. Ni uzi (mtiririko wa kazi) wa kerneli yenyewe, na kila CPU ina wake, ndo maana unaona namba mbele.

Kadi ya netiweki ikipokea paketi inampigia kelele prosesa, hiyo ndo intarapti, na prosesa anaacha alichokuwa anafanya. Ukiwa ndani ya hiyo intarapti inatakiwa utoke haraka sana, maana wengine wanazuiwa. Kwa hiyo kazi inakatwa vipande viwili: juu unafanya la lazima tu, unaikubalia kadi kwamba nimekusikia na unaandika mahali kwamba kuna kazi, chini baadaye kidogo ndo paketi zenyewe zinafunguliwa na kupelekwa kwa wenyewe. Windows nayo ina mtindo huo, ukifungua Task Manager ukaona mstari wa System interrupts ujue na hizo kazi zilizoahirishwa zimehesabiwa humo humo.

Ila kwa spidi za leo hata kupigiwa kelele kwenyewe ni tatizo. Laini ya gigabiti 10 ikijaa paketi ndogo kabisa zinaingia kama milioni 14.88 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 67. Ukikatizwa kwa kila moja hutafanya kitu kingine mpaka kiyama. Kwa hiyo draiva, programu inayoendesha kadi, ikipata kelele ya kwanza inaiambia kadi nyamaza, halafu kerneli inakuja yenyewe kuzoa paketi kwa mafungu, kwa kawaida zisizozidi 64 kila raundi, zikiisha ndo inairuhusu kadi iongee tena. Mtindo huu unaitwa NAPI. Na paketi zikiwa nyingi mno hata mafungu hayaishi, kerneli inasema basi siwezi kukaa hapa programu za watu zimelala, inaikabidhi kazi kwa ksoftirqd ipange foleni na wengine. Kwa hiyo huyo unayemwona ndo anayekulinda.

Akiwa juu muda wote, fungua /proc/interrupts na /proc/softirqs uone kama mzigo wote umeangukia CPU 0 peke yake. Mara nyingi ndo inakuwa hivyo, na dawa ni kuzigawanya.

SWALI: Mimi na mwenzangu tunabishana na tumekubaliana wewe uamue. Mimi nasema njia bora wakati wa kubadilisha prosesi ni kutozihifadhi rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za namba za desimali mpaka prosesi mpya izihitaji, kwa sababu nyingi hazizihitaji. Yeye anasema Linux waliiacha njia hiyo. Nani mkweli?

JIBU: Yeye. Lakini wewe ungeshinda ubishi huu miaka ya 1990, kwa hiyo usijisikie vibaya.

Hoja yako ilikuwa hivi, na ilikuwa nzuri: kuhifadhi rejista hizo kunachukua muda, programu nyingi ni za namba kamili tu, kwa hiyo ziache zilizopo humo humo, washa kibiti cha TS kwenye rejista ya CR0, na prosesi mpya ikithubutu kugusa desimali prosesa itakamata na kerneli itabadilisha hapo ndo. Asiyegusa hajakugharimu. Kamari ileile ya fork().

Kilichoibadilisha ni kwamba kamari ilianza kupoteza. Prosesa za x86 za biti 64 zote zina SSE2, maagizo yanayotumia rejista hizo, na kompaila na maktaba zikaanza kutumia rejista hizohizo kwa vitu vya kila siku, kukopi memori, kutafuta herufi kwenye maneno. Kwa hiyo karibu kila prosesi ikawa inazigusa, tena mapema. Sasa unalipa kuhifadhi kama kawaida, na juu yake unalipa mtego. Zaidi ya hapo prosesa mpya zikaja na maagizo ya kuhifadhi yanayoruka sehemu zisizobadilika, yaani chuma chenyewe kikajifunza uvivu, cha kerneli kikakosa soko. Kufikia 2016 Linux ikawa inahifadhi na kurudisha moja kwa moja kwa kawaida.

Halafu Juni 2018 ikatangazwa bagi ya kiusalama iliyopewa jina LazyFP, CVE-2018-3665. Kwenye prosesa za Intel rejista za prosesi iliyopita zilizoachwa humo zikisubiri zingeweza kuchunguliwa na prosesi nyingine kupitia ile tabia ya prosesa kubahatisha maagizo yaliyo mbele. Na humo kwenye rejista ndo funguo za AES, njia ya kuficha data kwa siri, zinapita. Waliokuwa wameshaacha kuahirisha hawakuguswa. Walihama kwa ajili ya spidi wakajikuta wamepona na usalama, bahati ya aina yake.

Kwa hiyo mlipe mwenzako mlichowekeana.

SWALI: Fundi naandika kakerneli kangu kadogo ka kujifunzia. Kanawaka taratibu sana kwa sababu mwanzoni kanasafisha memori yote kuwa sifuri na kutayarisha rekodi ya kila ukurasa. Nianze kuahirisha nini, na nini nisiguse?

JIBU: Umeniuliza swali zuri kuliko yote na nafasi inaniishia.

Usijione mjinga, hata Linux ilikuwa na shida hiyohiyo. Inatunza rekodi ya baiti 64 hivi kwa kila ukurasa. Mashine ya TB 1 ina kurasa 268,435,456, kwa hiyo rekodi peke yake ni GB 16 za kutayarisha kabla hujaona chochote kwenye skrini. Kwenye Linux 4.2, mwaka 2015, ikawekwa njia ya kutayarisha sehemu tu ya kutosha kuanzia, zilizobaki zinamaliziwa baadaye na nyuzi za kerneli, moja kwa kila fungu la memori, zote zikifanya kwa pamoja. Wewe anza na hiyo, maana kwako ni rahisi: weka kiwango, chini yake tayari, juu yake bado, na kipandishe kila ukiishiwa.

Kusafisha kuwa sifuri kuhamishie kwenye dakika ya kutoa ukurasa. Na hapa ndo pa kutoguswa: uahirishe mpaka hapo, usivuke hapo. Ukurasa ukifika kwa prosesi nyingine na mabaki ya mwenzake ndani umeshagawa siri za watu. Ukurasa wa kerneli yenyewe ambao utaujaza wote papo hapo huo unaweza kuruka kusafisha.

Baada ya hapo fanya kutoa kurasa zikiguswa, ndo ufuate kopi wakati wa kuandika, kwa mpangilio huo, maana cha pili kinatumia mtego wa cha kwanza na ukianza kinyume utaandika mara mbili. Halafu kuna kimoja cha bure kabisa: ukihamia kwenye uzi wa kerneli usibadilishe jedwali la kurasa, uzi huo haugusi memori ya mtumiaji, uache uazime la prosesi iliyotoka. Ukirudi kwa prosesi ileile hujafuta anwani zilizokumbukwa na prosesa, umeokoa kila kitu kwa kutofanya kitu. Ila prosesi hiyo ikifa wakati jedwali lake limeazimwa, usilifute, weka hesabu ya wanaolishika. Mimi bagi hiyo ilinila wikiendi nzima.

Na usiwe mvivu kupitiliza. Kila mtego una gharama yake, na programu inayosoma faili lake la msimbo ukurasa kwa ukurasa itanasa mara nyingi bila sababu. Linux tangu 3.15 mtego mmoja wa faili ukitokea inaangalia na jirani zake, hadi kurasa 16, na zile zilizopo tayari kwenye kashe inaziunganisha zote mara moja. Programu za muda halisi, zile zinazotakiwa kujibu ndani ya muda maalum, ndo hazitaki utani huu kabisa, zenyewe zinaita mlockall(), agizo la kufungia memori yao yote ndani, mwanzoni ili zilipe kila kitu kabla kazi haijaanza, kwa hiyo hata kwenye kakerneli kako wawekee wa hivyo mlango wa kukataa kuahirishiwa.

Kabla hujabadilisha mstari hata mmoja weka kihesabio kwenye mtego wa kurasa na kingine cha muda tangu mashine iwake, uviandike kwenye skrini mwishoni. Ukishapata namba za kabla na za baada nitumie zote, hata zile za baada zikiwa mbaya zaidi.